Sifuri juu, sifuri chini: jinsi ya kutafuta kikomo

Chukua karatasi, kalamu na kikokotoo, tufanye pamoja. Tunataka kikomo (thamani inayokaribiwa) cha (x² + x − 12)/(x − 3), x inapoikaribia 3.

Hatua ya 1: weka 3 mahali pa x. Anza hivi kila mara, maana maswali mengine huishia hapohapo. Hapa kiasi kinakuwa 9 + 3 − 12, yaani 0. Asili nayo ni 0. Wanafunzi wangu wengi wakifika hapo huandika "jibu ni 0" au "hakuna jibu", kisha wanahamia swali jingine. Subiri! 0/0 si jibu. Inakuambia kuna kigawo kimoja kimejificha juu na chini, na kazi yako ni kukitoa. (Ungepata 5/0 lingekuwa jambo jingine kabisa: thamani zinakua bila mwisho, na hakuna cha kufuta.)

Hatua ya 2: tafuta vigawo. Kiasi ni (x + 4)(x − 3). Futa (x − 3) juu na chini, inabaki x + 4. Weka 3, unapata 7.

Lakini si tumekatazwa kugawanya kwa sifuri? Tumekatazwa, na hatujafanya hivyo. x inaikaribia 3 bila kuifikia. Ikiwa 3.01, basi x − 3 ni 0.01, namba halali ya kugawanyia. Hakikisha kwa kikokotoo: 2.99 inatoa 6.99, na 3.01 inatoa 7.01. Usiendelee kabla hili halijakuingia, kwa kuwa hila zote zinazofuata zimesimama juu yake.

Na tafadhali, endelea kuandika "lim" (alama ya kikomo) kila mstari hadi pale unapoweka namba. Ukiiacha mapema, unakuwa umeandika kwamba x + 4 ni sawa na 7, na hilo si kweli.

Hatua ya 3: kukiwa na kipeuo. Mfano (√(x + 7) − 3)/(x − 2), x ikielekea 2. Vigawo havionekani, kwa hiyo zidisha juu na chini kwa √(x + 7) + 3. Juu inakuwa x + 7 − 9, yaani x − 2. Kumbe kigawo chetu kilikuwa humo! Kifute, inabaki 1/(√(x + 7) + 3). Jibu ni 1/6. Asili usiifungue mabano, utakificha tena kile ulichokitafuta.

x ikikua bila mwisho, gawanya kila kitu kwa kipeo kikubwa cha x kilichoko kwenye asili: (3x² + 5x)/(2x² − 1) inaelekea 3/2.

Hatua ya 4: sin x / x, x ikielekea 0. Kikomo ni 1, ila kwa radiani tu (kipimo cha pembe ambacho digrii 180 ni π). Ukiweka 0.01 ukapata 0.01745, kikokotoo chako kiko kwenye digrii; hiyo ni π/180. Kwa sin 5x / 2x, tengeneza 5x chini pia: (5/2) × (sin 5x / 5x), jibu 5/2.

Wanaojua kanuni ya l'Hôpital (ukipata 0/0, tafuta kinyambuo, yaani kasi ya kubadilika, cha juu na cha chini kila kimoja peke yake, kisha gawanya) hutaka kuitumia hapa. Inatoa 1, lakini haithibitishi chochote: ili kujua kwamba sin x ikitafutiwa kinyambuo inatoa cos x, ulihitaji kwanza kikomo hikihiki.