Jinsi ya kumaliza The Quintessential Quintuplets bila kuisusa njiani

Msimu wa kwanza wa anime hii (katuni ya Kijapani) ya dada watano mapacha, wa 2019 kutoka studio ya Tezuka Productions, unaanza vizuri, kisha michoro inapwaya: nyuso zinapinda, wanafunzi wa nyuma wamesimama kama sanamu za duka la nguo. Usiususe. Ukifika vipindi vya kambi, fungua pembeni manga ya Negi Haruba (kitabu cha michoro ambacho anime imetokana nacho), juzuu ya nne; soma tukio kwanza, halafu tazama ukisikiliza zaidi sauti. Waigizaji hawakulegea hata kidogo. Mimi hutazama kwenye simu, maana kioo kidogo kinasitiri mengi. Baada ya kipindi cha 12 ingia msimu wa pili, wa 2021: studio ni nyingine, Bibury, na mapacha wote watano wamerudishiwa sura zao. Kati yao, wa kumshangilia ni Miku, msinibishie.