Jinsi ya kupitisha pikipiki ya zamani kwenye ukaguzi wa MOT Uingereza

Pikipiki kuukuu iliyotunzwa haina sababu ya kuogopa MOT, yaani ukaguzi wa kila mwaka wa usalama wa vyombo vya barabarani. Haipimwi moshi, vifaa vyake ni vichache, na kuna masharti ya kisasa ambayo haiguswi nayo kabisa. Kinachoiangusha mara nyingi ni vitu vidogo ambavyo mwenyewe angeviona nyumbani. Maelezo haya ni kwa wenzetu wa England, Scotland na Wales wenye Honda CG125, BSA Bantam, Triumph au nyingine ya umri huo. Ireland ya Kaskazini ina utaratibu wake.

Kwanza jua kama unalazimika. Tangu tarehe 20 Mei 2018, chombo kilichopita miaka 40 tangu kisajiliwe mara ya kwanza hakidaiwi ukaguzi, ilimradi hakijafanyiwa mabadiliko makubwa ndani ya miaka 30 iliyopita. Msamaha huo hauji wenyewe. Kila unapoombea kodi ya barabara unatamka kwamba pikipiki imesamehewa, na posta unajaza fomu V112. Kuihamishia kwenye kundi la vyombo vya kihistoria kwa mara ya kwanza hufanyika posta, ukiwa na logibuku yako, yaani V5C. Kodi ya kundi hilo ni sifuri, lakini bado lazima uiombe kila mwaka.

Hata ikiwa imesamehewa, mimi nakusihi uipeleke. Sheria inakutaka uwe na chombo salama muda wote, na ukikutwa unaendesha kilicho hatari, faini inaweza kufika pauni 2,500 pamoja na pointi 3 za adhabu kwenye leseni. Ukaguzi wenyewe, kwa pikipiki isiyo na kigari cha pembeni, hauruhusiwi kuzidi pauni 29.65. Kwa pesa hiyo mtu mwenye uzoefu anaishika pikipiki yako toka mbele hadi nyuma.

Kabla ya kuweka miadi, ingia kwenye tovuti ya serikali, weka namba ya usajili na usome rekodi ya vipimo vilivyopita. Ni bure, na inarudi nyuma hadi 2005. Soma hasa ushauri ulioandikwa mwaka jana. Tairi iliyosemwa imeanza kuisha haijapona yenyewe.

Halafu ikague mwenyewe, na anzia kwenye shingo ya usukani, maana hapo ndipo pikipiki nyingi za zamani zinapochoka bila mwendeshaji kujua. Simamisha pikipiki kwenye stendi ya kati, gurudumu la mbele liwe hewani. Shika miguu ya shoki za mbele kwa chini, vuta na sukuma. Ukihisi inagonga, beringi za shingo zimelegea. Sasa geuza usukani polepole kwa vidole viwili, kushoto mpaka kulia. Ukifika katikati ukahisi unanasa kidogo kama umeingia kwenye kishimo, beringi zimeliwa. Kuzikaza hakutasaidia, badilisha. Ukiwa hapo hapo, peleka usukani hadi mwisho pande zote uone kama kuna kebo inayovutika au kubanwa.

Kwenye kipimo cha ufanisi, breki moja inatakiwa kufikia asilimia 30 na ya pili asilimia 25. Dramu iliyolala gerejini kipindi chote cha baridi hushika kutu, kwa hiyo ifungue na uisafishe. Tairi iwe na kina cha milimita 1 kwenye robo tatu za upana wa kashata (mistari iliyochongwa kwenye tairi), na kashata ionekane kwenye sehemu iliyobaki. Mpira wa zamani waweza kuwa na kashata nzuri lakini umepasuka ubavuni, huo utoe.

Taa zina nafuu yake. Pikipiki iliyoanza kutumika kabla ya tarehe 1 Agosti 1986 hailazimiki kuwa na indiketa, na iliyoanza kabla ya tarehe 1 Aprili 1986, taa ya breki ikiwaka kwa breki moja tu inatosha. Kama ya kwako ni ya volti 6 na taa huwaka injini ikinguruma tu, mwambie mkaguzi mapema.

Tafuta kituo chenye alama ya pembetatu 3 nyeupe kwenye buluu, kisha uliza kama wanapima pikipiki, maana vingine ni vya magari tu. MOT ikiwa imekwisha, au pikipiki imewekwa kwenye SORN (tamko rasmi kwamba haitumiki barabarani), unaruhusiwa kuiendesha hadi kituoni ukiwa na miadi tayari na bima.

Ikianguka, soma karatasi. Kasoro ndogo na ushauri haziangushi. Kasoro kubwa na za hatari ndizo zinazoangusha, na yenye kasoro ya hatari usiipande hadi itengenezwe. Ukiiacha hapo hapo itengenezwe, ndani ya siku 10 za kazi wanakagua tena bure kilichorekebishwa. Ukiondoka nayo na kuirudisha ndani ya muda huo, unaweza kutozwa hadi nusu ya ada. Ukiona umeonewa, usirekebishe chochote kwanza: kata rufaa DVSA, wakala wa serikali unaosimamia MOT, kwa fomu VT17 ndani ya siku 14 za kazi.

Ikipita, mwakani unaweza kuirudisha mapema hadi mwezi mmoja kasoro siku moja kabla ya cheti kuisha, na tarehe yako haitabadilika.