Rejeta zinagonga usiku: jua chanzo kabla ya kuita fundi

Kila Oktoba, boila za Uingereza (mashine za kupasha nyumba joto) zinapowashwa tena baada ya kukaa kimya kiangazi kizima, makundi yetu ya WhatsApp hujaa swali lilelile: bomba zinagonga usiku, je, nyumba inataka kulipuka? Wengine huzima mfumo mzima wakalala na makoti, na baada ya wiki chache kuvu inaanza kuota ukutani. Tafadhali, msifanye hivyo, hasa penye watoto. Kelele nyingi za bomba hazina hatari, na baadhi unazimaliza mwenyewe kwa ufunguo mdogo unaouzwa paundi chache dukani. Kwanza sikiliza: ni mlio gani, unatoka wapi, na unaanza wakati gani.

Nyumba nyingi huku hupashwa joto kwa maji. Boila inachoma gesi na kuyapasha moto, pampu inayasukuma hadi kwenye rejeta, yaani vyuma vya ukutani vinavyotoa joto chumbani, kisha yanarudi boila kupashwa tena. Ni maji yaleyale yanayozunguka mwaka hadi mwaka. Kikiingia kitu kingine humo, iwe hewa, kutu au chokaa, utakisikia.

Hewa ndiyo inayowasumbua wengi. Maji yanabubujika ndani ya rejeta, na ukiigusa, chini ni moto lakini juu ni baridi. Zima mfumo na usubiri rejeta zipoe, maana maji yake yanaunguza, na pampu ikiwa inafanya kazi inaweza kuvuta hewa zaidi. Anza na rejeta za chini kabla ya kupanda ghorofani. Pembeni juu utaona skrubu yenye kichwa cha mraba. Kinga kitambaa na bakuli chini yake, kwa sababu maji hayo huwa meusi na hayatoki kwenye zulia. Zungusha ufunguo kinyume na mishale ya saa, robo tu au nusu mzunguko, usiing'oe skrubu. Hewa itatoka kwa kufoka. Maji yakianza kutoka bila kukatika, funga.

Kazi haijaisha hapo, na ndipo wengi wanapokwama: wanatoa hewa, wanawasha, boila inagoma. Ukitoa hewa, presha inashuka. Tazama geji ya boila mfumo ukiwa baridi. Kwa kawaida inatakiwa isome kati ya baa 1 na 1.5 (baa ni kipimo cha presha). Ikiwa chini ya hapo, ongeza maji taratibu kwa koki ya kujazia iliyo chini ya boila (kitabu cha boila kinaonyesha ilipo), kisha ifunge kabisa. Ukiisahau wazi, presha itapanda hadi karibu baa 3 na valvu ya usalama itamwaga maji nje. Na ikikulazimu kuongeza kila wiki, basi kuna mahali panavuja. Usiendelee kujaza tu: maji mapya huja na oksijeni, nayo huzidisha kutu.

Rejeta ikiwa moto juu na baridi chini, hewa haihusiki. Hilo ni tope jeusi la kutu lililotuama, na ufunguo hautalitoa. Fundi ataosha mfumo, ataweka dawa ya kuzuia kutu, na ikiwezekana kichujio cha sumaku.

Mlio wa tik-tik-tik chini ya sakafu, boila inapowaka au inapozima, ni shaba inayotanuka na kusinyaa. Bomba la mita 10 likipata joto la nyuzi 50 zaidi hurefuka karibu milimita 8, na kama limebanwa kati ya mbao litasugua. Haliharibu kitu. Kama ni boila ya kombi, isiyo na tangi la maji ya moto, punguza joto la maji yanayokwenda kwenye rejeta hadi nyuzi 60: mlio hupungua, na bili ya gesi pia.

Ukisikia rejeta moja ikigonga ko-ko-ko kwa kasi, fungua kichwa chake chenye namba hadi mwisho. Kelele ikikoma, huenda valvu imefungwa upande usio wake na maji yanaipiga kwa nyuma. Fundi bomba anaibadilisha. Kishindo kimoja kikubwa mashine ya kufulia inapokata maji hakihusu boila kabisa. Kaza vibano vya bomba na upunguze kidogo koki kuu ya maji.

Boila yenyewe ikivuma na kutokota kama birika lililojaa chokaa, basi ni chokaa kweli. London na kusini mashariki mwa Uingereza maji ni magumu, yaani yana chokaa nyingi, kwa sababu yanapita kwenye miamba ya chokaa; Scotland hutalisikia tatizo hili mara nyingi. Hapa usifungue kitu. Tangu 2009 sheria inataka kazi ya gesi ifanywe na fundi wa Gas Safe Register, orodha rasmi ya mafundi wa gesi. Mwombe kadi na uigeuze: nyuma imeandikwa kazi anazoruhusiwa kufanya.

Kwa mliopanga England na Wales, sheria (ya 1985 kwa England, ya 2016 kwa Wales) inamtaka mwenye nyumba atengeneze mfumo wa kupasha joto, na lazima alete fundi kukagua gesi kila mwaka. Msiogope kumwambia. Rekodi kelele kwa simu, mtumie kwa maandishi, na uhifadhi ujumbe wenye tarehe.

Ukinusa gesi, au king'ora cha kaboni monoksaidi kikilia, usishughulike na kelele tena. Fungua madirisha, usiguse swichi, toa watu nje, kisha piga namba ya dharura ya gesi, 0800 111 999. Kichwa kuuma na kichefuchefu vinavyopungua ukitoka nje ni dalili ya sumu ya kaboni monoksaidi.

Walioko New York au Chicago kwenye majengo ya zamani, mambo ni tofauti: rejeta nyingi huko ni za mvuke, na ufunguo wa kutoa hewa hauna kazi. Kwenye zile za bomba moja, valvu iwe wazi kabisa au ifungwe kabisa. Ikiachwa nusu, maji yanakwama ndani, mvuke unayarusha, na ndipo unasikia nyundo usiku. Weka pima maji juu ya rejeta. Inatakiwa iinamie upande wa valvu ili maji yarudi. Kama imelalia upande wa pili, mwambie msimamizi wa jengo ainue miguu ya upande huo kwa vipande vyembamba vya mbao.