Kupiga picha protini zinapokutana ndani ya panya aliye hai

Binti mmoja wa Mikindani anayesoma uzamili nje ya nchi alinitumia picha kwa WhatsApp: panya watano, wawili wanawaka, watatu giza tupu. "Shikamoo kaka, protini zangu zimeachana?" Marahaba, mdogo wangu, tuanze na sindano kwanza. Naandika na kwa wengine.

1. Njia. Mimi natumia lusiferasi, kimeng'enya kinachotoa mwanga, iliyokatwa vipande viwili. Inatoka kwa kimulimuli wa Marekani, Photinus pyralis, ndugu wa hawa wanaowaka mikoroshoni kwetu. Kila moja ya protini mbili unazochunguza inabeba kipande chake. Zikikutana mwanga unatoka, zikiachana unazima. GFP (protini ya kung'aa kijani) iliyokatwa siipendi, ikishaungana haiachani. NanoBiT, lusiferasi nyingine ya vipande viwili, inawaka sana, ila mwanga wake wa buluu unamezwa na damu. Kwa uvimbe wa chini ya ngozi sawa, kwa ini hapana.

2. Panya. Kibali cha maadili, manyoya yanyolewe (hasa panya mweusi), aisoflureni ya kumlaza usingizi, meza yenye joto.

3. Lusiferini, yaani kemikali ambayo lusiferasi inaitumia kutoa mwanga. Hapa ndipo watu wanapoumia. Dozi ni miligramu 150 kwa kilo, sindano ya tumboni. Ukiyeyusha miligramu 15 kwa mililita, panya wa gramu 20 anapata mikrolita 200. Igawe kwenye vichupa vidogo, ikae gizani kwenye friza. Kwa umeme wa kukatikakatika huku kwetu, usithubutu kuigandisha na kuiyeyusha kila mara.

Sasa, usipige picha moja ya dakika ya 10 ukaondoka! Piga kila baada ya dakika mbili mpaka mwanga uanze kushuka, kisha chora mstari wa kila panya. Kila mmoja ana kilele chake, linganisha vilele. Binti aliporudia hivyo, wawili kati ya wale wa giza waliwaka, wamechelewa tu. Wa tatu mstari wake ulilala chini. Hapo shuku sindano kuingia utumboni: mrudie siku nyingine kabla hujamtupa, na usimhesabu kama "protini hazikukutana".

4. Kulinganisha. Weka kundi lenye protini iliyobadilishwa pale pa kushikana, ili zisishikane. Pima pia wingi wa protini zenyewe, maana mwanga hafifu unaweza kuwa uchache tu.

5. Kusoma. Soma fotoni (chembe za mwanga) kwa sekunde, si rangi za picha. Programu ikijipangia kipimo cha rangi kwa kila picha, kizime. Picha zote zitumie kimoja.