Baa Isiyolaza Watu Mjini Nakuru: Namna ya Kulalamika Ukasikizwa

Malalamiko mengi kuhusu baa za katikati ya mji hufia mezani kwa sababu yalipelekwa mlango usio wake, au yalisema tu kwamba "wanapiga kelele kila siku". Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, kelele, kero za umma na leseni za pombe ni kazi ya kaunti. NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, nayo ina kanuni za kelele za mwaka 2009. Polisi waite kwa vita, visu, wizi na vitisho, na usiondoke kituoni bila namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Watoto wanaolala kwenye veranda ya baa si kesi ya askari. Piga 116, laini ya watoto.

Anza na daftari, kwa wiki 2 hivi. Andika tarehe, saa muziki ulipoanza, saa ulipozimwa, chumba ulichousikia, na kama madirisha yalikuwa yamefungwa. Usiku wa kimya nao uandike, maana daftari lisilo na hata usiku mmoja wa utulivu hutiliwa shaka. Rekodi video ya dakika moja dirishani. Programu ya simu ya kupima desibeli ni ya kukupa picha tu: maikrofoni ya simu haijasawazishwa, na hilo ndilo wakili wa mwenye baa atakaloshika kwanza. Kipimo cha kutegemea ni cha afisa.

Kanuni za 2009 huruhusu desibeli 60 katika eneo la biashara, na 55 penye makazi yaliyochanganyika na burudani, kuanzia saa 12:01 asubuhi hadi saa 2:00 usiku. Baada ya hapo ni 35, kwenye maeneo ya biashara pia. Kwa hiyo anayekwambia umejitakia kwa kupanga chumba juu ya maduka ya Kenyatta Avenue ana hoja mchana, usiku hana.

Kisha jua leseni ni ya aina gani. Sheria ya vileo ya 2010, ambayo wengi huiita sheria ya Mututho kwa jina la aliyekuwa mbunge wa Naivasha, iliipa baa ya kawaida saa 11 jioni hadi saa 5 usiku siku za kazi, na kuanzia saa 8 mchana wikendi na sikukuu. Klabu za usiku zina saa zake, na kaunti zina sheria zao, hivyo isome leseni yenyewe. Ukinyimwa kuiona, iombe kaunti kwa maandishi chini ya sheria ya habari ya 2016. Wana siku 21 kujibu.

Barua isizidi ukurasa mmoja. Iandikie idara ya mazingira ya kaunti, nakala kwa NEMA, msimamizi wa wadi na kamati ya vileo ya kaunti ndogo. Omba jambo linalopimika: afisa aje na kipimo Ijumaa saa 4 usiku, au spika za nje ziondolewe. "Mchukue hatua zifaazo" humwachia afisa nafasi ya kutofanya lolote. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, la sivyo barua "haikufika". Pata sahihi za majirani pia, kwa sababu mlalamikaji mmoja hutambulika upesi na kushinikizwa.

Baa huogopa zaidi siku ya kuomba leseni upya, kila mwaka. Peleka pingamizi la maandishi kabla ya kikao, ukiambatisha daftari. Wengi huomba baa ifungwe, kamati husitasita. Masharti ni rahisi kupata: spika zitoke kwenye ukuta wa pamoja, ziwekwe juu ya raba nene, na sauti ya juu kabisa ifungwe kwenye mashine ili DJ asiipandishe. Sponji za ukutani zisikudanganye. Besi hupita kwenye zege na sakafu, na sponji haiizuii.

Kaunti ikinyamaza, lalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma, au nenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi pale Nakuru. Ukiweka kesi chini ya Kifungu cha 70 cha Katiba, huhitaji kuthibitisha kwamba umepata hasara au umeumia.