SOMO: Memori iliyoombwa na maktaba nyingine, nani anaiachia?

Swali hili nimelijibu mara nyingi mno, kwa hiyo naliandika mara moja nipate pa kuwaelekeza watu. Linahusu C na C++, pamoja na lugha yoyote inayoita maktaba za C (msimbo uliotengenezwa tayari ili programu nyingine ziutumie). Kuachia memori ni kuirudisha ukishamaliza nayo.

1. Soma maelezo ya funksheni kabla ya kuiita. Pointa (anwani ya mahali kwenye memori) unayopewa ama ni yako, ama umeazimwa. Ya kuazimwa huiachii.

2. Ikiwa ni yako, tafuta mwenzake wa kuachia. Wa kwanza huomba, wa pili huachia: malloc na free, new na delete, new[] na delete[], getaddrinfo (hutoa orodha ya anwani za mtandao) na freeaddrinfo.

3. Upande ulioomba memori ndio uiachie. Hapa ndipo nilipoharibu. Maktaba yangu ilirudisha jina la faili kwa strdup (hunakili maneno kwenye memori iliyoombwa kwa malloc), na programu kuu ikaliachia kwa free. Kwenye Linux ilitembea vizuri, maana pande zote mbili zilitumia malloc ile ile. Tukahamia Windows, maktaba ikajengwa Debug (toleo la kutafutia makosa) na programu ikajengwa Release (toleo la kutumia). Debug huweka taarifa zake mbele ya kila kipande cha memori, kwa hiyo pointa niliyoishika ilielekea ndani ya kipande, si mwanzoni mwake. free ya upande wa pili ikapewa anwani isiyoitambua, programu ikaanguka.

Na shukuru ikianguka hapo hapo. Inaweza kuharibu hipu (eneo ambalo malloc hutoa memori) kimya kimya, ikaja kufia kwingine kabisa, ukashinda unakagua mstari usio na kosa. Maktaba yako ikitoa pointa, itoe pia funksheni ya kuiachia, hata kama ndani yake mna free peke yake.

4. Pima kwa Valgrind, au jenga kwa -fsanitize=address; zote hukamata makosa ya memori programu inapotembea.

MASWALI

– Mkuu, kwa hiyo ujumbe wa kosa wa sqlite3_errmsg, wa maktaba ya hifadhidata ya SQLite, nauachia kwa free?

Hapana. Rudi hatua ya 1. Huo ni wa SQLite wenyewe, usiuguse. Ule unaopewa na sqlite3_exec ndio wako, nao unaachiwa kwa sqlite3_free.

– Kwani programu ikifungwa, mfumo si unarudisha memori yote?

Unarudisha. Seva isiyozimwa je? Na somo hili si la kuvuja (memori kutoachiwa) tu, soma tena hatua ya 3.

– Natumia ctypes ya Python, ile ya kuita maktaba za C. Nimeweka restype (aina ya jibu la funksheni) kuwa c_char_p, napata bytes safi, lakini sioni pointa ya kurudisha kwenye maktaba. Nakosea wapi?

Swali zuri sana, na wengi wanavuja hapo bila kujua. c_char_p inakunakilia maneno kuwa bytes, na anwani ya asili inapotea. Weka restype kuwa c_void_p, soma maneno kwa ctypes.string_at(p), kisha ipe funksheni ya kuachia hiyo p. Usisahau kuiwekea funksheni hiyo argtypes = [c_void_p], yaani aina ya inachopokea. Usipoiweka, ctypes itaichukulia namba yako kama int ya kawaida, na kwenye mashine ya biti 64 anwani inaweza kukatwa nusu.

– Nyongeza kwa wa C++: unique_ptr, pointa inayojiachia yenyewe, inakubali kupewa funksheni ya kuachia. Mimi naifunga freeaddrinfo humo, hata nikitoka katikati ya funksheni orodha yote inaondoka.

Nakuunga mkono. Ila ukiita release() juu yake, jukumu la kuachia linarudi kwako.