Namna ya kuandaa deoksiglukosi kwa majaribio ya seli za saratani katika maabara ya Mbeya

Deoksiglukosi ni sukari inayofanana na glukosi, ila imekosa atomi ya oksijeni kwenye kaboni ya pili. Seli huipokea na kimeng'enya cha heksokinasi huitia fosfeti, lakini hatua inayofuata hushindikana, nayo hurundikana ndani ya seli na kukizuia kimeng'enya hicho hicho kilichoibadili. Hutumika kwa seli za saratani kwa sababu nyingi kati yake hula glukosi kwa pupa na kutoa asidi laktiki hata pale oksijeni ilipo, kama mwanabiokemia Mjerumani Otto Warburg alivyoeleza katika miaka ya 1920.

Kabla ya kugusa mizani, soma lebo ya kimiminika cha kukuzia seli. RPMI 1640 ina glukosi gramu 2 kwa lita, yaani takribani milimola 11 kwa lita, ilhali kimiminika kingine, DMEM yenye sukari nyingi, kina milimola 25 kwa lita. Kwa kuwa sukari hizi mbili hugombea mlango mmoja, milimola 10 za deoksiglukosi kwa lita hazitakuwa na nguvu sawa katika vimiminika hivyo viwili.

Pima gramu 1.64 za deoksiglukosi, yeyusha katika maji safi yasiyo na vijidudu, ongeza maji hadi mililita 10, kisha pitisha kwenye chujio la mikromita 0.22. Huo ni mchanganyiko wa mola 1 kwa lita. Mikrolita 100 zake katika jumla ya mililita 10 za kimiminika cha kukuzia seli hukupa milimola 10 kwa lita. Chombo cha kulinganishia kipate maji ya ujazo ule ule. Usitegemee kipimo cha MTT (kipimo cha rangi ambayo seli hai huitengeneza) peke yake, kwani rangi yake hutokana na umetaboli ambao wewe mwenyewe umeuvuruga. Hesabu seli kwa tripani bluu, rangi inayoingia seli zilizokufa tu.

Liko pia suala la mwinuko, ambalo miongozo iliyoandikwa pwani hailitaji. Mbeya iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ina shinikizo dogo, hivyo kabonidioksaidi ya asilimia 5 katika inkubeta (kabati la kukuzia seli) huyeyuka kidogo zaidi na kukiacha kimiminika kikiwa na ubesi kuliko inavyotakiwa. Asilimia 6 hivi hukaribia hali ya pwani, lakini hakikisha kwanza: laza humo usiku mmoja chombo chenye kimiminika bila seli, kisha upime pH yake mara tu unapokitoa.